Pedali ngumu, fundi jeuri: gereji hii sirudi tena (labda)

Nyota moja, na hiyo nayo nimeitoa kwa shingo upande.

Naendesha Celica ya miaka ya 90, ile ya macho manne ya mviringo. Toyota waliacha kuzitengeneza Celica mwaka 2006, kwa hiyo mwenye nayo ameshazoea kuhangaika Kariakoo na Ilala akitafuta spea. Sikuja kulalamikia uzee wa gari. Nalalamikia watu.

Breki zilichoka taratibu. Pedali haikuwa laini wala haikuzama. Ilikuwa ngumu kama nakanyaga tofali. Nikishuka Kimara kwenda Ubungo nabana mpaka nyonga inauma, na gari inasimama pale inapojisikia yenyewe. Kwenye foleni inatetemeka, mshale wa mzunguko wa injini unapanda na kushuka bila kuguswa. Yote haya niliyaeleza mapokezi, tena kwa utaratibu. Kwenye fomu wakaandika "breki". Basi.

Akaja fundi mkuu. Boneti hakufungua. Aliingia, akakanyaga mara moja injini ikiwa imezimwa, akatoka, akaangalia viatu vyangu. "Dada, gari za spoti zinataka mguu wa kiume. Mwambie shemeji awe anaiendesha yeye."

Shemeji yupi, jamani? Gari ni yangu, kadi ina jina langu, na mkopo wake nimelipa mwenyewe. Vijana wake wakacheka. Mpaka leo nikiikumbuka ile "shemeji" damu inachemka.

Wakafunga pedi mpya mbele na nyuma, wakachonga diski, wakabadilisha mafuta ya breki na kutoa upepo. Bili ikapita laki nne. Nakuja kuchukua gari, pedali ileile. Nikaambiwa pedi mpya zipewe muda zizoeane na diski. Ni kweli zinahitaji muda, lakini tangu lini pedi zikafanya pedali igome chini ya mguu? Niliporudi tena, hadithi imegeuka: sasa mgonjwa ni masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, niandae hela nyingine. Kaka, masta silinda ikichoka, pedali inazama polepole ukiwa umeikanyaga. Yangu haikuzama hata chembe! Na upepo ukiingia kwenye mabomba, pedali inakuwa laini, unabonyea hewa. Pedali ngumu na gari haikamati, mtu wa kwanza kuulizwa ni busta, kile chombo kinachouongezea mguu wako nguvu.

Natoka getini, kijana mmoja wa ovaroli iliyochanika goti akanifuata. "Sista, waambie waangalie busta na mpira wake." Akarudi ndani mbio kabla hajaonekana.

Nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza magari uani mtaani kwetu. Alizima injini, akapampu pedali mpaka ikakakamaa, akaiacha imekanyagwa, halafu akawasha. "Mwanangu, hapa ilitakiwa ishuke kidogo. Umeona imeshuka?" Haikushuka. Akachomoa mpira unaotoka kwenye injini kwenda busta, akaukunja karibu na klampu: ufa upande wa chini, hauonekani mpaka uukunje. Busta inasaidiwa na mvuto wa injini. Mvuto ukivujia pale, unabaki na nguvu ya mguu wako peke yake, na injini nayo inameza hewa isiyo yake, ndiyo ile mitetemo ya foleni. Kabla ya kwenda dukani akanisisitizia niombe mpira wa busta wenyewe, nisipewe wa maji, maana ule ni laini, unanyonywa na kujikunja ndani. Mpira pamoja na ufundi, sikufikisha elfu hamsini.

Sasa gari inakamata, mpaka wa nyuma yangu wananipigia honi. Na niwape haki yao wale jeuri: mafuta walibadilisha kweli, nimeyaona, na ya zamani yalikuwa meusi. Yale mafuta hunywa unyevu wa hewani, na Dar unyevu ndio huu mnaoujua. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishaingia maji yanaweza kushuka mpaka 140, mlima mmoja tu huna breki. Pedi nazo ni nzuri, diski wamezichonga vizuri, hazipigi kelele. Nilipofika hapa nilishaanza kuona nyota tatu zinawatosha, na yule kijana wa ovaroli ningempa zote tano.

Kisha nikaitoa risiti niangalie jina la pedi. Mstari wa mwisho: "Ukaguzi wa mfumo mzima wa breki, 60,000." Ukaguzi! Wa nani, na mkuu alikanyaga pedali mara moja tu, boneti hakufungua?

Nyota moja. Mwenye gereji ukipita hapa, risiti ninayo na namba yangu iko kwenye fomu yenu. Hiyo elfu sitini naidai, na ukitaka kuirudisha, mtume yule kijana, siyo mkuu wake.