Projekta ya dola 85 na Dracula wa 1931: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Hii ni projekta ya LED ya Kichina, zile ndogo zisizo na jina zinazopangwa kwenye maduka ya simu mjini. Nimeilipia dola 85, na kazi niliyoinunulia ni moja tu: filamu za kutisha za zamani, kuanzia Nosferatu ya 1922 hadi Night of the Living Dead ya 1968. Mwenye haja ya kuangalia mechi za Mazembe ukutani asome maoni ya mtu mwingine.

Boksi linapiga kelele 1080p, yaani nukta 1920 kwa 1080. Fungua kijitabu cha ndani, herufi ndogo zinakwambia kwamba inapokea 1080p lakini kioo chake kina nukta 1280 kwa 720. Si dhambi. Kwa filamu za miaka ile 720 inatosha kabisa. Ya kukataa ni ile ya 800 kwa 480, maana manukuu ya Kifaransa yanakuwa meno ya msumeno. Namba ya lumeni, kipimo cha mwanga, ipuuze isipoandikwa ANSI, yaani imepimwa kwa kanuni inayojulikana. Omba iwashwe palepale dukani, uangalie pembe nne za picha. Zote zikiwa na ukungu kidogo, chukua. Hizi lenzi ndivyo zilivyo. Pembe moja ikiwa mbaya kuliko wenzake, lenzi imekaa upande na hakuna pete ya kuzungusha itakayoisaidia.

Kasoro yake kubwa ni nyeusi. Kioo cha LCD huzuia mwanga, hakiuzimi. Taa iliyo nyuma yake inawaka muda wote, kwa hiyo usiku wa Transylvania unatoka ukiwa kijivu. Kwa vichekesho usingejali. Kwa filamu za kutisha, giza ndilo lenye kazi, na karibu kila kitu ninachoeleza hapa chini ni vita dhidi ya hicho kijivu.

Anza kwa kupunguza picha. Watu wakipata projekta wanataka ukuta mzima, na hapo ndipo wanapoiharibia sifa. Ukiongeza upana mara mbili, eneo linakuwa mara nne na mwanga unabaki robo. Yangu ikikaa mita 2.8 kutoka ukutani inatoa picha ya mita 2 kwa mita 1.12. Nimeiacha hapo. Ukiirudisha nyuma zaidi ya mita 3.5, uso wa Boris Karloff, zimwi la Frankenstein, unakosa mikunjo yote aliyoitengeneza Jack Pierce kwa saa kadhaa kwenye kiti cha vipodozi, na hiyo ni hasara.

Projekta iinue kwa stuli au matofali mpaka lenzi ielekee ukuta moja kwa moja. Usinyooshe picha kwa menyu. Marekebisho yale hukata nukta, na kuizunguka picha hubaki fremu ya kijivu iliyopinda ambayo huwezi kuificha.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalijui. Filamu hizi si pana kama televisheni ya leo. Dracula ya 1931 inakaribia mraba, upana ni kama mara 1.2 ya urefu, kwa sababu wakati huo utepe wa sauti ulikuwa umeanza kula nafasi pembeni mwa filamu. Kuanzia 1932 Hollywood ikatulia kwenye 1.37. Kwa picha yangu ya mita 2, Dracula anachukua mita 1.35 tu katikati; kila upande kunabaki sentimita 32 za kijivu kinachong'aa. Frankenstein wa baadaye wa 1935, yule wa Bibi Harusi, anabakisha sentimita 23 kila upande. Kijivu hicho ndicho kinachodanganya jicho.

Nunua kitambaa cheusi kisichong'aa, mahameli ikipatikana, pamba nzito isipopatikana. Satini hapana, inarudisha mwanga. Kata vipande viwili vya sentimita 40 kwa 130. Funga kamba juu ya picha, ning'iniza kwa vibanio vya nguo, kisha visogeze mpaka viguse ukingo wa picha yenyewe. Havigharimu sana, na mtu akiingia anadhani umebadilisha mashine. Kitu cha kwanza ambacho usikubali kabisa ni kuivuta picha ijaze ukuta: Bela Lugosi, anayeigiza Dracula, ananenepa, na vampaya mnene hamtishi mtu.

Shuka jeupe linavusha mwanga. Ukilazimika kulitumia, shona mara mbili na uweke kitambaa cheusi nyuma. Bora ukuta laini uliopakwa rangi ya kijivu hafifu isiyong'aa. Nyeupe itapungua kidogo, lakini nyeusi itashuka zaidi machoni, na kwa picha ndogo biashara hiyo ina faida.

Kwenye menyu, toa hali ya rangi kali inayokuja kiwandani. Chagua joto la rangi lililo la uvuguvugu, la sivyo filamu nyeusi-nyeupe inatoka ya buluu. Ukali wa picha shusha hadi karibu na sifuri. Ukiuacha juu, chembe za filamu zinageuka sisimizi. Kisha tafuta Dracula pale Lugosi anaposimama na joho lake. Shusha mwangaza mpaka joho liungane na giza la nyuma, halafu upandishe hatua mbili, hadi mikunjo ya joho ionekane kwa shida. Sasa angalia macho. Karl Freund, mpiga picha wa filamu ile, aliyamulika macho ya Lugosi kwa vitaa vyembamba. Kama vile vipande vya mwanga vimekuwa madoa meupe yasiyo na kope, punguza kontrasti. Ukiona kope na mboni, umefika, usiguse tena.

Rangi unaweza kuiweka sifuri kwa filamu nyeusi-nyeupe, madoadoa ya rangi yatatoweka. Ila irudishe kabla ya Nosferatu. Murnau, mwongozaji wake, alipiga matukio ya usiku mchana kweupe, kisha nakala zikatiwa buluu ili ziwe usiku. Ukiondoa rangi, vampaya anatembea juani na jeneza kwapani, na hadithi nzima ya kuuawa na jua inakosa maana.

Hapo tumeingia kwenye nakala, na nakala mbaya inaweza kukufanya uilaumu projekta bure. Nosferatu iliyorekebishwa vizuri ina dakika kama 94. Zinazozunguka kwenye flashi nyingi zina dakika sitini na kitu: zimechezeshwa haraka kuliko zilivyopigwa, watu wanatembea kama wamechelewa basi. Programu ya VLC inaweza kupunguza kasi hadi 0.75 kutoka kompyuta. Zima sauti yake na uweke muziki wako. DVD zinazoletwa kutoka Ulaya zina ugonjwa mdogo zaidi, zinakwenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo sauti zinapanda kidogo. Kasi ya 0.96 inaziponya. Kwa Frankenstein ya 1931, nenda kwenye tukio la msichana na maua kando ya ziwa. Likikatika pale zimwi linaponyoosha mikono kumshika, una nakala iliyokatwa na wakaguzi. Sehemu ile ilirudishwa miaka ya 1980.

Night of the Living Dead haina shida ya haki. Wasambazaji walipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki likaachwa nje, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Ndiyo maana iko kila mahali, mara nyingi katika hali ya kusikitisha. Tafuta ile iliyotokana na urekebishaji wa 2016, utamwona Duane Jones, mwigizaji mkuu, hadi jasho.

Faili lenyewe: video iliyobanwa kwa H.264 inacheza bila neno, ya H.265 inakatakata au haifunguki. Sauti ya DTS mara nyingi hutoka kimya. Si spika iliyokufa, ni mashine isiyoijua. Geuza iwe AAC kabla. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na projekta yangu haisomi iliyofomatiwa exFAT. Manukuu yaitwe jina lilelile la filamu, yakiishia .srt. Herufi kama é zikitoka vibaya, fungua manukuu kwenye Notepad na uyahifadhi upya kwa UTF-8.

Spika ya ndani isahau. Dracula ya 1931 karibu haina muziki, ukiacha kipande cha Tchaikovsky mwanzoni na muziki wa tukio la ukumbi wa tamasha. Ukimya ule ni nusu ya filamu, na feni ya projekta inaumeza. Weka mashine nyuma ya watazamaji, spika mbele chini ya picha, na uunganishe kwa waya wa 3.5 mm. Bluetooth huchelewesha sauti. Midomo na maneno vinaachana. Feni ikikushinda kabisa, kuna nakala yenye muziki wa Philip Glass, uliopigwa na Kronos Quartet. Mimi siipendi sana, inajaza matundu yaliyopaswa kubaki wazi, lakini inaficha feni.

Kwa delestaji, yaani mgao wa umeme, hesabu ni nyepesi. Yangu inakula kama wati 65. Filamu mbili za dakika 75 ni saa mbili na nusu, yaani wati-saa (Wh) 163, na ukiongeza upotevu wa inveta fika 190. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 50 ina Wh 600. Ukitumia nusu ili isife mapema, usiku unaisha na chaji imebaki. Inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi safi huleta mlio kwenye spika. Spika yenye betri yake inaukwepa. Umeme ukirudi ghafla, projekta iwe imechomolewa.

Ukitoa nje kwenye lupango, yaani uani, kiangazi ni msimu wake. Juni saa kumi na mbili na nusu jioni giza limeshaingia na wadudu ni wachache. Baridi ipo, leteni mablanketi. Mvua zikianza, wadudu huifuata lenzi na kila mmoja anakuwa popo ukutani. Kwa wageni ambao hawajawahi kuona filamu hizi, anza na House on Haunted Hill ya 1959. Sauti ya Vincent Price wanaijua tayari, ndiye anayecheka mwishoni mwa Thriller ya Michael Jackson, na utasikia watu wanaitambua gizani. Wajulishe majirani pia, mayowe ya usiku yanaleta mchungaji.

Filamu za rangi zenye giza za miaka ya 1970 mashine hii haiziwezi. Suspiria ya 1977 ina wekundu ambao hapa unatoka kama juisi, na vivuli vinakuwa matope. Dracula wa Christopher Lee wa 1958 anapita, kwa sababu seti zake zimemulikwa kwa ukarimu.

Adui wa mwisho ni vumbi letu jekundu. Njia ya mwanga ndani haijazibwa. Likiingia, unaona madoa yenye ukungu yasiyosogea, hasa kwenye mandhari ya kijivu. Chomoa, subiri ipoe, fungua skrubu za chini, puliza kwa pampu ya mpira kati ya kioo na lenzi bapa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha alama. Kichujio cha feni kisafishe kila wiki wakati wa kiangazi: kikiziba, joto linapanda na polaraiza, karatasi inayochuja mwanga ndani, inaungua, katikati ya picha panakuwa na doa la njano linalokua. Feni fundi wa simu anabadilisha, ni ya volti 12 na zinapatikana. Polaraiza ikishaungua, kwa bei hii nunua nyingine.