Ufadhili wa uzamili wa sayansi: uzoefu wangu nikiwa uwandani Kigoma

Nimemaliza shahada ya uzamili kwa ufadhili wa shirika la nje linalolipia wanafunzi wa sayansi. Jina silitaji, kwa kuwa mengine niliyokutana nayo ni ya ofisi za huku kwetu, si ya wafadhili wenyewe. Kwa jumla nawapa nyota nne kati ya tano.

Kwanza, wanalipa kweli. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja, bima ya afya ipo, posho ya kujikimu inaingia kila robo mwaka, na kuna fungu la utafiti. Hilo fungu ndilo lililonifanya niombe. Utafiti wa dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa fedha za mfukoni haufiki mbali. Mafuta ya boti peke yake yanakumaliza.

Usaili ulifanyika kwa mtandao, na niliupenda. Waliniuliza: ziwa lina kina cha mita 1,470, sasa mbona wewe unapima sehemu ya juu tu? Nikawaeleza kwamba kuanzia mita 100 hivi upande wa kaskazini, na karibu 200 upande wa kusini, kwenda chini oksijeni hakuna. Dagaa na migebuka wanaishi juu, na chakula chao kinategemea upepo wa kusi unaochanganya maji na kupandisha virutubisho. Mmoja wao akadakia tafiti za 2003 zilizoonyesha kwamba maji ya juu yakizidi kupata joto, mchanganyiko huo unapungua. Nikajua andiko langu limesomwa.

Shida iko kwenye kalenda yao. Fomu ya mpango kazi inataka sampuli kila wiki, mwezi mzima. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, hapa Kigoma, dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Ukifika mbalamwezi taa hazivuti kitu, mitumbwi inavutwa ufukweni na wavuvi wanashona nyavu. Nilipowaandikia hivyo, afisa wao alikubali nipange kazi kwa kufuata mwezi. Hapo walinifurahisha.

Ikaja 2024. Ziwa upande wa Tanzania likafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hiyo ndiyo miezi ya kusi ambayo utafiti wangu wote uliiegemea. Maji niliendelea kupima, ila samaki wa kupima sikuwa nao. Wafadhili wakaniongezea muda bila posho. Nilikaa kwa dada yangu, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma mjini, nikila ugali wake (shemeji hakusema neno, Mungu ambariki). Hii siwezi kuipamba: kumwongezea mwanafunzi muda bila chakula ni kumsaidia nusu, na asiye na ndugu mjini angerudi kwao.

Kero kubwa kuliko zote ni masurufu, yaani fedha za kazi unazotanguliziwa kisha unazitolea hesabu kwa risiti. Fedha za uwandani hupitia uhasibu wa chuo, na usiporejesha masurufu ya kwanza hupewi ya pili. Wahasibu walitaka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya wafanyabiashara, kwa kila malipo. Nilimwomba mzee mmoja mwenye mtumbwi, akacheka: "Mwanangu, hiyo mashine niifunge wapi, kwenye kasia?" Mafaili yangu yalilala mezani hadi msimamizi wangu alipoingilia kati, ndipo wakakubali hati ya malipo yenye sahihi ya mlipwaji, namba yake ya simu na nakala ya kitambulisho cha taifa. Kumbe wafadhili walikuwa wanazikubali hati hizo tangu mwanzo, imo kwenye mwongozo wao.

Kwa hiyo, ukipata barua ya kukubaliwa, uchukue huo mwongozo uupeleke uhasibu kabla hujaomba hata shilingi, na bajeti yako iwe na mstari wa wasaidizi wa uwandani wasio na risiti. Uliza pia, kwa maandishi, posho inakuwaje utafiti ukisimama kwa amri ya serikali. Wanajibu barua pepe haraka, hilo nawasifu.

Vifaa vinanunuliwa kwa jina la chuo. Kompyuta mpakato waliniachia. Mita ya oksijeni imerudi stoo ya idara, na anayeitaka sasa anaandika barua kwa mkuu wa idara.