Allegheny Family Screening Tool: alama zinazowaelemea Weusi

Programu hii ya kompyuta inatumika tangu 2016 katika kaunti ya Allegheny, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Simu ya kuripoti mtoto aliyetelekezwa ikiingia, inapekua kumbukumbu za serikali na kutoa alama, 1 hadi 20: uwezekano wa mtoto kuondolewa nyumbani ndani ya miaka 2.

Kasoro iko kwenye data. Familia yenye bima binafsi ya afya haionekani sana humo. Inayotibiwa kwa msaada wa serikali, au yenye mtu aliyewahi kufungwa, imejaa tele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuta kwamba programu ikiachiwa iamue peke yake, ingepeleka kwenye uchunguzi theluthi mbili ya watoto Weusi walioripotiwa, dhidi ya nusu ya wengine. Wapokea simu ndio waliolipunguza pengo hilo, kwa kuikatalia programu. Basi waandike uamuzi wao kwanza, ndipo waoneshwe alama.