Rutini ya kujaza memori niliyoinunua: kasi ninayo, usingizi sina

Sitaki mtu mwingine akeshe nilivyokesha mimi, ndiyo maana naandika. Miezi kadhaa iliyopita nilinunua kifurushi cha rutini (vipande vya msimbo vilivyo tayari) za asembli ya x86, lugha ya ngazi ya chini ya vichakataji vya Intel na AMD, na shida yangu ilikuwa moja tu: kujaza memori. Siku za mwanzo niliipenda mno. Kitanzi changu cha zamani kiliandika baiti moja moja. Hii inaandika 32 kwa mpigo kupitia rejista za AVX, vihifadhi vipana vilivyo ndani ya kichakataji. Bafa, yaani eneo la memori la kuwekea data, ya baiti 4096, kufumba na kufumbua imejaa.

Kisha programu ikaanza kufa. Leo hapa, kesho kule. Jedwali langu la anwani, lisilohusiana kabisa na bafa, nalikuta limejaa sifuri. Nikashuku steki, nikashuku hata kompyuta yenyewe. Usiku wa tatu, nikiwa ndani ya dibaga, programu ya kufuatilia msimbo hatua kwa hatua, ndipo nikaona: `rep stosd` yangu mwenyewe, amri ya kujaza memori baiti 4 kwa mara, niliyoitumia miaka yote, imefuta baiti 4 za kwanza za bafa halafu ikarudi nyuma, ikifagia kila kilichotangulia. Bendera ya mwelekeo, biti ya kichakataji inayoamua amri kama hiyo iende mbele (0) au irudi nyuma (1), ilikuwa 1!

Nani aliiwasha? Haohao walioniuzia. Urefu usipogawanyika kwa 32, rutini yao huiwasha kwa `std`, hujaza masalio kutoka mwisho kurudi nyuma, kisha hutoka bila `cld`, amri ya kuirudisha 0. Majaribio yangu yote yalikuwa ya 4096, yakapita. Siku nilipojaza baiti 1000 zikabaki 8, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kanuni za kuitana kwa rutini, za Linux na za Windows, zinataka bendera hiyo iwe 0 rutini inaporudi. Hili si la hiari!

Lakini kilichonichoma hasa ni jibu lao. Nilieleza kwa heshima, na mistari ya msimbo nikaambatisha. Nikajibiwa: "Anayejua asembli hutanguliza `cld` mwenyewe. Soma mwongozo." Nimeusoma ukurasa kwa ukurasa, halimo. Na hiyo `std` ya nini? Kujaza si kunakili, ambako wakati mwingine lazima uanzie mwisho. Bafa ikizidi baiti 32, wangeandika 32 za mwisho mara moja kwa `vmovdqu`, amri ya AVX ya kuandika baiti 32. Zitakazorudiwa zinapata thamani ileile, hakuna kinachoharibika. Tena `rep stos` ikienda kinyumenyume huwa nzito, maana vichakataji vimeboreshwa kwa kwenda mbele.

Nilishaamua nyota moja. Ila juzi nimeweka `cld` baada ya kila wito, nikapima upya, na kwenye bafa kubwa bado inashinda chochote nilichowahi kuandika. Basi tatu. Hapana, mbili, nikilikumbuka jibu lile mkono unagoma. Nimewaomba tena waiweke wenyewe, wamekaa kimya. `cld` ikishageuzwa kuwa msimbo wa mashine ni FC, baiti moja. Baiti moja ndiyo wanayoninyima!