Uigaji au Seti: Kupima Uthabiti wa Umeme wa Malindi na Lamu
Hitilafu ikitokea kwenye laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu, mhandisi ana njia mbili za kujua kama masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, yatarejea kwenye hezi 50. Uigaji, yaani kuendesha modeli ya mtandao kwenye kompyuta, hufuata tukio mojamoja kwa undani, lakini hauthibitishi lolote kuhusu tukio ambalo halikujaribiwa. Njia ya seti, yaani kundi la hali, huzishika pamoja hali zote zinazowezekana, hata mawingu yanapopunguza umeme wa jua, kisha hukokotoa mpaka wa kila hali itakayofuata. Mpaka huo ukibaki ndani ya eneo salama, usalama umethibitishwa, ilimradi modeli ni sahihi. Hesabu zake ni nzito, na mpaka uliopanuliwa mno huonyesha hatari isiyokuwepo. Hata hivyo, ningeanza na seti, kisha uigaji kwa hali zenye shaka.