Uzoefu wangu na MP2 ndani ya Psi4

Kwa molekuli ndogo ambazo elektroni zake zote ziko kwa jozi, MP2 (njia ya Møller-Plesset ya daraja la pili ya kukokotoa nishati ya molekuli) ndiyo ninayoanza nayo ninapotaka nishati bora kuliko ya Hartree-Fock, njia ya msingi. Psi4, programu ya kemia ya kompyuta, ni ya bure, na faili la kuanzia ni fupi: chaji na wingi wa spini (multiplicity; kwa maji, 0 1), mahali pa kila atomu, seti msingi (mkusanyiko wa fomula za kuelezea elektroni zinapokaa), kisha energy('mp2').

Hartree-Fock huipa kila elektroni wastani tu wa msukumo wa wenzake. Møller na Plesset, mwaka 1934, waliichukua tofauti iliyobaki kama usumbufu mdogo. Daraja la sifuri na la kwanza kwa pamoja ni Hartree-Fock ile ile, kwa hiyo faida huanzia daraja la pili. Maji kwenye cc-pVDZ, seti msingi ndogo, hutoka takriban −76.03 hartree (kipimo cha nishati) hadi −76.23. Usiidharau 0.2 hiyo: ni zaidi ya kcal/mol 120.

Kinachowachanganya wengi ni elektroni za ndani. Psi4 huzihesabu usipoandika freeze_core true, ilhali ORCA, programu nyingine ya aina hiyo, huzigandisha yenyewe kwenye MP2, yaani huziacha nje ya sahihisho. Ndiyo maana majibu ya programu hizi mbili hupishana kwa milihartree chache, na hakuna iliyokosea. Mimi huzigandisha, kwa sababu cc-pVDZ na ndugu zake hazikutengenezewa elektroni hizo.

cc-pVDZ ni ya majaribio tu. Kwa jibu la kuaminika, piga hesabu kwa seti kubwa zaidi, cc-pVTZ (fomula 58 kwa maji) na cc-pVQZ (115), kisha chukua nishati ya korilesheni (ile MP2 inayoongeza juu ya Hartree-Fock) peke yake: (64×QZ − 27×TZ) ÷ 37. Sehemu ya Hartree-Fock usiiingize humo. Ichukue ya QZ ilivyo.

Kabla ya kuamini jibu, tazama pengo kati ya obitali ya juu iliyojaa na ya chini iliyo tupu. Tofauti za nishati kama hizo ndizo kigawanyo katika fomula ya MP2. Ukiivuta N2 hadi bondi ikaribie kukatika, pengo husinyaa na nishati huporomoka ovyo. Kwa radikali yenye elektroni moja pweke, angalia S², kipimo cha spini ya jumla: ikipita sana 0.75, jibu limechafuka. Benzini mbili zilizolaliana nazo huonekana zinavutana kupita kiasi. Hapo soma mstari wa SCS (MP2 iliyorekebishwa uzito wa jozi za spini), ambao Psi4 huuchapisha palepale.

MP4, yaani daraja la nne, siigusi. Gharama yake hupanda kwa N⁷ (N ni ukubwa wa molekuli) sawa na CCSD(T), njia nyingine ya korilesheni, na CCSD(T) ni sahihi zaidi.