Safari za kuvua kwa flai: unachonunua ni mwongozaji

Kila mara naulizwa kama safari ya kuvua kwa flai (ndoana nyepesi iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na chakula cha samaki) nje ya nchi ina thamani ya hela yake. Jibu langu ni ndio, ila inategemea kabisaa nani yuko na wewe majini, sio kitanda wala picha za samaki walizobandika kwenye tovuti. Nimevua Seychelles, nimevua New Zealand, na nyumbani huwa nachukua mwongozaji wa siku moja moja mtoni, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Nianze na Seychelles maana ndo iliyonikaa zaidi. Unatua Mahé, kisiwa kikuu, unapanda ndege ndogo kwenda kisiwa cha Alphonse, kama kilomita 400 kusini magharibi, halafu boti inakuvusha mpaka kisiwa jirani cha St François, na hapo ni maji ya magotini mpaka macho yanachoka. Huvui kwa kubahatisha, unamuona samaki kwanza ndo unarusha. Mwongozaji anakuelekeza kwa mishale ya saa, mbele ya boti ni 12, akisema 10 mita 15 basi flai inatakiwa ishukie kushoto kuelekea mbele, mita 15 toka ulipo, na haraka, sababu bonifishi, samaki wa hayo maji mafupi, hasubiri mtu. Yule niliyekuwa naye alikuwa anawaona mahali mimi naona mchanga mtupu, akaniambia acha kumtafuta samaki, tafuta kivuli kinachotembea juu ya mchanga, na kweli baada ya hapo nikaanza kuwaona mwenyewe, yaani hilo somo peke yake kwangu lilitosha kulipia safari.

Halafu kuna kolekole, wale wakubwa ambao wavuvi wa flai wanawaita GT (giant trevally). Bonifishi unatumia rodi (fimbo ya kuvulia) namba 8, kolekole namba 12, namba ikipanda ndo rodi ina nguvu zaidi, wakati trauti, samaki wa mito ya maji baridi, namba 5 inatosha kabisa, kwa hiyo ni uvuvi tofauti hata mkononi. Mtu aliyezoea trauti akiona samaki amedaka anainua rodi juu, ndo mwili ulivyozoea. Kwa kolekole ukiinua hivyo ncha ya rodi inapinda inameza nguvu yote, ndoana haizami kwenye ule mdomo mgumu, samaki anaitema anaenda zake. Inatakiwa rodi ibaki imemwelekea samaki na mkono ulioshika laini, yaani uzi wa kuvulia, ndo uvute kwa nguvu. Mwongozaji wangu alinisimamisha mchangani kabla hatujaingia majini, akashika mwisho wa laini yeye mwenyewe akajifanya samaki, akanirudisha rudisha mpaka mkono ukakubali. Mtu wa namna hiyo mlipe na bakshishi umpe.

Kingine, kule ratiba inaamuliwa na maji. Kolekole wanaingia na maji yanayojaa, kikande unamkuta anachimbua kaa kwenye miamba mkia uko juu, mwatiko naye ana maji yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama tarehe zako zinaangukia bamvua (maji yanajaa na kupwa sana) au maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo), na kama wanakupangia muda ule ule wa kutoka kila siku wiki nzima, jiulize kama wanavua au wanatembeza watalii tu. Na kusi ikivuma katikati ya mwaka usilazimishe, msimu wenyewe ni kuanzia mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 5 hivi, upepo wa kusi utakutesa kurusha hata kama wewe ni hodari.

New Zealand, kisiwa cha kusini, ni kitu kingine kabisa. Trauti ni wachache lakini wakubwa, maji meupe unaona kila jiwe, unatembea sana, mwongozaji yuko mbele ameinama, na samaki mmoja unaweza kupata nafasi ya mrusho mmoja tu, lida, ule uzi mwembamba kati ya laini na flai, iwe ndefu ya mita 4 na zaidi ili laini isimshtue. Asiyependa kutembea asiende. Nilichopenda zaidi ni kwamba kabla ya kugusa mto walikagua buti zetu. Mwaka 2004 kwenye mto Lower Waiau waligundua mwani unaoitwa didymo, unafunika mawe chini ya mto kama blanketi chafu, na unasafiri kwenye vifaa vyenye unyevu, ndo maana mwaka 2008 buti zenye soli za felti, kitambaa kinachoshika unyevu, zilipigwa marufuku kwenye mito yao. Safisha, kausha, ndo uingie. Mwongozaji asiyejali hilo hajali mto, na asiyejali mto mimi simpi hela yangu.

Sasa malalamiko, na haya ni ya safari nyingine tofauti na hizo mbili. Wakala tuliyemlipa alisema kila mvuvi na mwongozaji wake, tukafika tukakuta wawili kwa mmoja, na kwenye boti anarusha mtu mmoja mwingine anakaa, yaani nusu ya siku uliyolipia unaangalia mgongo wa mwenzio. Juu ya hapo rili (kigurudumu cha kukunjia laini) ya kukodi, breki yake ilikuwa imeganda kwa chumvi, samaki mwenye nguvu akikimbia hapo lida inakatika papo hapo. Iandikwe kwenye mkataba, wavuvi wangapi kwa mwongozaji mmoja, na rili uivute mwenyewe kwa mkono kabla boti haijaondoka.

Safari za nyumbani watu wanazidharau na mimi siwaelewi. Siku moja na mwongozaji mzuri wa mtoni, akurekebishe mrusho wako kwenye upepo, ni bei ndogo ukilinganisha na kwenda mbali halafu flai inaangukia kichwani kwa samaki. Hapo pia ndo utajua tabia ya mwongozaji: ndoana isiyo na kile kijino cha kuizuia isichomoke, mikono iloweshwe kabla ya kumshika samaki, samaki abaki majini mpaka apumue vizuri ndo aachiwe. Anayemning'iniza hewani akitafuta picha nzuri huyo mwache.

Seychelles naipa 5 kwa 5 kwa sababu ya mwongozaji, New Zealand 4 na nusu, huyo wakala 1. Nimeshaulizia kama yule wa St François atakuwepo msimu ujao, nikihakikishiwa yupo nalipa.